Froome aligonga mwamuzi, wewe unaogopa tuta la Mbagala?

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili ndio muda wake. Vijana wa chandimu bado wamelala, mechi za Ulaya za jana usiku zimewachelewesha. Kiwanja kipo wazi. Mama wa vitumbua ndio kwanza anawasha jiko. Hapo ndipo anapotokea mtu mzima, miaka thelathini na kitu, anakokota baiskeli ya kuazima kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anahakikisha hakuna anayemjua.

Kwa mtu wa Temeke kiwanja ni Mwembeyanga, wa Mbagala ni Zakhem, wa Kinondoni ni Biafra au uwanja wa shule ya msingi ya jirani kama mlinzi ana moyo. Hajaja kuiba. Amekuja kujifunza baiskeli, na kinachomtisha zaidi sio kuanguka. Kinachomtisha ni kuanguka halafu mtoto wa darasa la tatu acheke.

Watoto wa uswahilini wengi hujifunza mapema. Kuna baiskeli za kukodi kwa dakika, kuna Phoenix ya baba ambayo mtoto hafiki kwenye siti, basi anapitisha mguu chini ya lile bomba la katikati na kuikanyaga kiubavuubavu hivyo hivyo mpaka mwisho wa mtaa. Wanaanguka, wanachubuka magoti, wanarudi. Hakuna anayewahesabia. Ukiikosa nafasi hiyo, labda kwa sababu nyumbani walikataza, au ulikuwa msichana, au baiskeli haikuwapo, unakuja kushtuka una familia, nauli zinakutafuna kila siku, na kitu ambacho kingekutoa Tandika mpaka Chang'ombe bila kupanga foleni ya daladala hujui hata kukikalia.

Wapenzi wa soka wanaijua hofu ya aina hii, ila huwa wanaiona kwa wenzao. Aprili 28, 2023, Simba walikuwa Casablanca dhidi ya Wydad, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikafika kwenye penalti na Mnyama akatoka. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga kule Pretoria, dhidi ya Mamelodi Sundowns, robo fainali vilevile, penalti vilevile. Wale ni watu wanaopiga penalti mazoezini mpaka kipa anachoka. Mguu ni ule ule, mpira ule ule, hatua zile zile. Kilichobadilika ni macho ya watu.

Baiskeli nayo iko hivyo hivyo, na ina ubaya mmoja zaidi. Mpiga penalti mwenye hofu anaweza kubahatisha na mpira ukaingia. Mwendesha baiskeli mwenye hofu anaitengeneza ajali yake mwenyewe. Mabega yanapanda, vidole vinabana usukani kama vinakamua nazi, macho yanatazama tairi la mbele, na miguu inakanyaga polepole sana kwa kudhani kwamba polepole ndio salama. Kumbe baiskeli ikienda polepole mno ndipo inapoyumba. Ikishika mwendo kidogo inatulia, mpaka marekebisho madogo ya usukani yanatosha kuisimamisha wima. Mwoga anakwenda taratibu, baiskeli inayumba, kuyumba kunamwongezea woga, anapunguza tena mwendo. Mzunguko huo unaisha chini, puh!

MTOTO WA NAIROBI

Kabla ya kumcheka huyo wa Mwembeyanga, ni vizuri kumkumbuka Chris Froome. Alizaliwa Nairobi Mei 20, 1985. Akiwa bado mtoto mama yake alimpeleka kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli Mkenya mwenye rasta, aliyekuwa akiishi kijiji cha Mai-a-Ihii, upande wa Kikuyu nje kidogo ya Nairobi. Kinjah alikuwa na kundi lake la vijana linaloitwa Safari Simbaz. Mashabiki wa Yanga watavumilia jina.

Pale hapakuwa na uwanja wa mazoezi wala daktari wa timu. Palikuwa na nyumba ya kawaida, vyuma vya baiskeli kila kona, na vijana waliofundishwa kwanza kufungua na kufunga baiskeli kabla ya kuota kushinda chochote. Froome alikuwa mtoto mweupe mwembamba katikati yao, akiachwa nyuma milimani, anafika mwisho amechoka, kesho yake anarudi. Alipofika umri wa miaka 14 akahamia Afrika Kusini, lakini aliendelea kuihesabu Mai-a-Ihii kama shule yake.

Sasa njoo mwaka 2006. Mashindano ya dunia yanafanyika Salzburg, Austria. Froome anataka kukimbia kwa jina la Kenya kwenye kundi la vijana wa chini ya miaka 23. Mwenyewe amesimulia baadaye kwamba alijiandikisha kwa kutumia barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akaenda peke yake, yeye ndiye mchezaji, yeye ndiye meneja. Siku ya mbio za kushindana na saa akapanda jukwaa la kuanzia, akahesabiwa, akatoka. Hakufika mbali. Muda mfupi tu baada ya kuanza alimgonga ofisa wa mashindano aliyekuwa barabarani, wote wawili chini.

Fikiria beki anayeanza mechi yake ya kwanza ya taifa, filimbi inalia, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumpiga mwamuzi kikumbo mpaka analala. Kamera zipo. Wakubwa wote wa Ulaya wapo. Froome akainuka, akapanda, akamaliza.

Miaka saba baadaye, 2013, alishinda Tour de France, mbio kubwa kuliko zote duniani. Akarudia 2015, 2016 na 2017. Mara nne. Na mtu aliyeanza kwa kugonga ofisa kwenye njia tambarare, Julai 9, 2016, alishuka mlima Peyresourde huko Ufaransa akiwa amejikunyata juu ya lile bomba la katikati, kidevu karibu kiguse usukani, akawaacha wapinzani wote na kuchukua jezi ya njano siku hiyo hiyo. Mkao ule ulikuja kupigwa marufuku mwaka 2021 kwa sababu ya hatari yake, kwa hiyo wa Zakhem asijaribu.

Ila hadithi ya Froome haiishii hapo, na hapa ndipo inapomfaa zaidi anayeanza. Juni 12, 2019, akiwa bingwa mara nne, alikuwa anakagua njia ya mbio mjini Roanne. Kwenye mteremko akaachia mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukapiga tairi la mbele, akaenda kwenye ukuta. Paja likavunjika, kiwiko kikavunjika, mbavu zikavunjika. Alirudi barabarani baadaye, lakini hakushinda tena mbio kubwa.

Kwa maneno mengine, baiskeli haimwogopi mtu kwa kuangalia makombe yake. Anayeanza akihisi tumbo linamcheza, sio kwamba ana kasoro. Mwili unasema ukweli. Kazi ni kuupa mwili huo sababu ya kutulia.

ONDOA PEDALI

Njia inayofanya kazi kwa mtu mzima ni ile ambayo mtu mzima huiona ya aibu. Siti inashushwa hadi nyayo zote mbili zikae chini kabisa, sio vidole tu. Fundi atasema hiyo ni siti ya mtoto. Aseme. Halafu pedali zote mbili zinatolewa. Hapa wengi huharibu kwa sababu pedali ya kushoto hufunguka kinyume na nati za kawaida: ya kulia unazungusha spana kinyume cha saa, ya kushoto unaizungusha kufuata saa. Ukilazimisha unaua meno ya nati.

Baiskeli ikiwa haina pedali, mtu anakaa anaisukuma kwa miguu, hatua fupi, kisha ndefu, kisha anainua miguu yote na kuiacha iteleze. Ikiyumba, mguu upo chini hapo hapo. Hakuna cha kuogopa, ndio maana mabega yanashuka yenyewe. Anayedhani huo ni mchezo wa watoto ajue kwamba mashine ya kwanza ya magurudumu mawili, ile ambayo Mjerumani Karl Drais aliiendesha Mannheim mwaka 1817, haikuwa na pedali kabisa. Watu walikuwa wanasukuma kwa miguu hivyo hivyo, tena wakubwa wenye makoti. Pedali zilikuja miaka mingi baadaye. Anayeanza anapita tu njia iliyopitwa na baiskeli yenyewe.

Akiweza kuteleza kutoka goli moja hadi katikati ya uwanja bila kugusa chini, pedali zinarudishwa. Wengine hufika hapo siku ya kwanza, wengine Jumapili ya nne.

Kitu cha pili ni macho. Beki mzuri hatazami mpira uliopo mguuni kwake, anatazama anakoupeleka. Baiskeli huenda macho yanakokwenda. Mtu akikazia macho shimo akijiambia "nisiingie, nisiingie", anaingia, tena katikati. Kwenye kiwanja dawa ni kuchagua kitu cha mbali, nguzo ya goli la pili ni nzuri, na kuiendea hiyo hiyo. Tairi la mbele lina kazi yake, halihitaji kutazamwa.

Jambo jingine ni ubishi wa wanaume. Mtaani kuna baiskeli inayoitwa ya kike, ile isiyo na bomba la juu. Ndiyo rahisi kuliko zote kujifunzia, kwa sababu ikielemea upande unatoka tu, hakuna kinachokuzuia mguu. Mwanamume wa Mtoni atakubali kuanguka mara kumi na nne na bomba limgonge pabaya kuliko kuonekana juu ya baiskeli ya kike. Kila mtu na goti lake.

Kwa wanawake mzigo wa macho ni mzito zaidi. Kijana akianguka wanasema "pole bro" na kucheka kidogo. Dada akianguka wanacheka, wanatoa maoni kuhusu nguo, na mmoja lazima aulize anakwenda wapi na baiskeli. Ndio maana wengi huchagua alfajiri, na ndio maana wakija wawili watatu wanajifunza haraka kuliko mmoja. Ukiwa na mwenzako anayeanguka pia, kicheko kinakuwa chenu.

Na kama ni suala la aibu, Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita zaidi ya 260 juu ya vilima vya Rwanda. Walioanza ni zaidi ya 160, wengi wao wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Waliomaliza ni 30. Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ubingwa. Wengine wote waliishia njiani, wakashuka, wakaegemeza baiskeli zao mbele ya umati uliojaa barabarani.

MUUZA MADAFU HAKOSEI

Hatua inayofuata ni ngumu kuliko zote: kutoka kiwanjani kwenda mtaani. Anayetaka somo la bure asimame pembeni ya Barabara ya Kilwa asubuhi na kumtazama muuza madafu. Nyuma kuna lundo la madafu kuliko uzito wake mwenyewe, breki ni zile za vyuma za zamani, kisu kimechomekwa pembeni. Hapiti kati ya magari kwa kubahatisha. Anashika mstari mmoja, haendi kulia na kushoto kama nyoka. Kichwa kimeinuka. Anajua daladala itafanya nini kabla dereva hajajua.

Hilo la daladala ndilo linalowaangusha wengi wanaoanza. Baiskeli inakaa kushoto, na kushoto ndiko daladala inakotaka kuingia kushusha. Dalili zinasikika mapema: abiria anasema "shusha", konda anagonga bodi, gari inapunguza. Anayeanza anapoona hivyo huwa anakazana apite haraka upande wa kushoto kabla mlango haujafunguka. Hapo ndipo anapobanwa kati ya gari na mtaro, au anamvaa mama anayeshuka na kapu. Muuza madafu huwa anasubiri nyuma. Sekunde kumi tu. Gari ikiondoka na yeye anaondoka.

Kuna mchanga pia. Dar ni mji wa pwani, na ukiacha lami ya barabara kubwa, mitaa mingi ya Yombo, Kijichi au Mwananyamala ina mchanga uliokaa kama mtego. Tairi likizama humo, hofu inasema piga breki na kata kona. Yote mawili yanaangusha. Usukani unaachwa unyooke, mikono inalegea kidogo, miguu inaendelea kukanyaga. Kwenye tuta mtu anainuka kidogo kwenye siti, pedali zikiwa sawasawa, magoti na viwiko vimekunjwa vipokee mshtuko. Breki zinabanwa zote mbili pamoja na taratibu. Ya mbele peke yake, tena kwenye mteremko, inaweza kumrusha mtu juu ya usukani.

Kabla ya hayo yote kuna zoezi moja la kufanya kiwanjani, na wengi hulirukia. Rafiki anasimama nyuma na kunyoosha vidole. Anayeendesha anageuza shingo, anasoma ni vidole vingapi, anataja kwa sauti, huku baiskeli ikibaki kwenye mstari. Mara za kwanza itahama mita mbili kwenda kulia, na kwenye Barabara ya Kawawa mita mbili kulia ni bodaboda. Akishaweza hilo, ndipo aanze kuachia mkono mmoja kuonyesha anakokata. Froome wa Roanne anakumbukwa hapa.

Njia nazo zinachaguliwa kama ratiba ya ligi: huanzi na vigogo. Mitaa ya ndani kwanza, Jumapili asubuhi. Kisha siku ya kazi kabla jua halijachomoza vizuri. Barabara ya Morogoro ilipojengwa kwa ajili ya mwendokasi, ambao ulianza kubeba abiria mwaka 2016, iliachiwa nafasi pembeni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Ni msaada mkubwa, japo bodaboda na meza za machinga nazo zimeiona. Njia ya mabasi yenyewe sio ya kuchungulia hata kidogo. Na Barabara ya Mandela, na malori yake ya bandarini, anayeanza hana shughuli nayo.

Sio kila hofu ni ya kushindwa. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewahi kukimbia mbio za kulipwa na akawa nahodha wa Team Amani, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za barabara ya vumbi huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33, na alikuwa miongoni mwa waliojua kazi hii kuliko wengi Afrika Mashariki. Ndio maana Umoja wa Waendesha Baiskeli wa Dar es Salaam, UWABA, umepiga kelele kwa miaka kuhusu njia salama za baiskeli mjini. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa kwenye siti na bado akahitaji barabara imtambue.

Kwa hiyo wa Mwembeyanga ana hofu mbili na inabidi azitenganishe. Ya vicheko inapungua yenyewe, kwa kawaida mara ya tano au ya sita, watoto wanapochoka kutazama. Ya magari anaibakiza. Akiipoteza hiyo, ndipo mkewe aanze kuwa na wasiwasi.

Saa mbili kasoro vijana wanaanza kuingia na mpira wao, wanapanga mawe ya goli. "Oya kaka, tupishe." Anajaribu kusimama kistaarabu, anasahau breki, anashuka kwa kuruka huku baiskeli ikienda mbele peke yake hatua tatu na kulala. Mmoja anacheka. Mwingine anaiokota, anaikung'uta vumbi, anaunyoosha usukani uliopinda kwa kuubana tairi katikati ya magoti, na kumrudishia.

Anapanda. Anatoka kiwanjani kwa mara ya kwanza akiwa juu ya siti, sio pembeni yake, macho kwenye nguzo ya umeme iliyo mbali. Mama wa vitumbua anampungia mkono na kumuuliza za asubuhi.

"Nzuri mama!" anajibu kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Mkono haunyanyui.